Farah Naye Alikuwa na Kwao



Mwaka 2023 Netflix ilipotoa Queen Cleopatra, na Adele James, mwigizaji mweusi kutoka Uingereza, akaonekana amevaa taji la Misri, wengi wenu hamkulala. Tunawajua. Mlikuwa kwenye magrupu ya WhatsApp hadi saa saba usiku, huyu anathibitisha kwamba Cleopatra alikuwa wa ukoo wa Ptolemy na asili yake ni Makedonia, yule anasema wanaolalamika wana shida na watu weusi. Kule Misri wakili mmoja alifika mpaka kwa mwendesha mashtaka mkuu akitaka Netflix ifungiwe nchini.

Kabla ya hapo ilikuwa Ertuğrul. Pakistan ilipoanza kuionyesha kwa Kiurdu mwaka 2020, watu walimshambulia Esra Bilgiç, aliyecheza Halime, kwa sababu ya nguo anazovaa kwenye maisha yake ya kawaida. Ati Halime Hatun gani huyu? Kana kwamba kucheza nafasi ya mtu ni kuajiriwa kuwa mtu huyo maisha yako yote.

Sawa. Mabishano hayo si ya kipuuzi. Kijana anayebishana kuhusu historia ni afadhali kuliko asiyejali. Lakini tuna swali moja kwako leo: mara ya mwisho kubishana hivyo kuhusu filamu inayoonyesha Nairobi ya zamani, mji wako mwenyewe, ilikuwa lini?

Umefikiria? Haya, tuendelee.

MSOMALI WA MLANGONI

Chukua Out of Africa ya mwaka 1985. Ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, lakini wengi wetu tumeikutia kwenye TV ya sebuleni, na mpaka leo ndiyo picha ambayo sehemu kubwa ya dunia inayo kuhusu Nairobi ya miaka ya 1910 na 1920. Ilishinda Oscar 7. Na ilipigwa picha hapa hapa. Vile vilima vya Ngong ni vyenyewe. Zile sehemu za nyumba ya gavana zilipigwa Nairobi School, pale Waiyaki Way unapopita kila siku ukienda Kangemi. Hata baadhi ya watu wa koo za Kikuyu zilizotajwa kwenye kitabu cha Karen Blixen walipewa nafasi ya kuonekana.

Ndani ya filamu hiyo yumo Farah Aden. Ni mtu wa kweli aliyeishi. Msomali, Mwislamu, msimamizi wa nyumba na mambo ya Karen Blixen kwa miaka yote aliyokaa Kenya, mpaka shamba likauzwa na yeye akarudi Denmark mwaka 1931. Kwenye filamu Farah anachezwa na Malick Bowens, mwigizaji wa asili ya Mali.

Hebu fikiria kama filamu hiyo ingetoka leo. Kelele zingeanza papo hapo. Msomali gani huyu? Kwani Nairobi nzima, Eastleigh yote ile, hakukupatikana Msomali mmoja wa kumcheza Msomali? Hasa ukikumbuka kwamba Msomali alikuwapo kwenye filamu hiyo hiyo. Iman, mwanamitindo mashuhuri, anaonekana kama Mariammo, mwenzi wa Berkeley Cole. Anaonekana kidogo tu, halafu anapita.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini tukae tuipime kwa haki, maana kipimo cha asili ya mwigizaji kikitumika kwa wote, karibu wote wameanguka. Meryl Streep ni Mmarekani aliyecheza Mdenmaki. Klaus Maria Brandauer ni Mwaustria aliyecheza Msweden. Robert Redford ni Mmarekani aliyecheza Denys Finch Hatton, mwana wa lodi wa Kiingereza, na hata lafudhi ya Kiingereza haisikiki kwake. Kuigiza ndiko huko, kuvaa nafsi ya mtu mwingine. Na Bowens, mwacheni apate haki yake, alimpa Farah utulivu na heshima ambayo wengi hawajaisahau.

Kwa hiyo hatusemi kwamba Msomali lazima achezwe na Msomali, Mnubi na Mnubi, Mhindi na Mhindi, na asipopatikana filamu isitengenezwe. Tukifunga mlango huo, hata wewe siku moja utaambiwa huwezi kucheza chochote isipokuwa kijana wa Kiislamu anayefukuzwa na polisi.

Tofauti iko mahali pengine. Streep alisifiwa kwa jinsi alivyojifunza lafudhi ya Kidenmaki. Redford alilaumiwa na wakosoaji kwa kutokuwa na ile ya Kiingereza. Maana yake ni kwamba, kwa wale wawili, watu walijali wametoka wapi. Ilikuwa muhimu kwamba huyu ni wa Denmark na yule ni wa Uingereza. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza Farah alitakiwa asikike vipi, alikuwa wa ukoo gani, alikuwa akirudi wapi jioni. Farah alikuwa Mwafrika mwenye kilemba, basi, imetosha.

KITABUNI ANA NYUMBA

Hapa ndipo tunapotaka usimame kidogo.

Karen Blixen hakuwa mtakatifu. Alikuwa mlowezi, aliishi kwenye ardhi ambayo wenyewe waligeuzwa kuwa wafanyakazi juu yake, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa vikali kwa jinsi alivyowaandika Waafrika. Kitabu chake si ushahidi wa mwisho wa jambo lolote. Lakini hata yeye, pamoja na macho yake ya kilowezi, aliona kitu ambacho kamera ya 1985 haikukipa nafasi.

Kwenye kitabu kuna sehemu inayohusu wanawake wa Kisomali wa nyumbani kwa Farah. Ana mke. Ana mama mkwe. Kuna wasichana wa jamaa ya mke waliokuja kuishi nao pale shambani. Wanapiga stori ndefu. Wanamhoji Karen kuhusu Ulaya, na wanashangaa kusikia kwamba kuna mataifa yanayotoa mabinti zao bila mahari. Kwao hilo ni jambo la aibu kubwa. Anaandika pia kuhusu mtaa wa Wasomali uliokuwa nje kidogo ya Nairobi.

Umeona? Mle ndani kuna wanawake wa Kiislamu wa Nairobi ya zamani wanaoitazama Ulaya na kuihukumu. Wana maoni, wana utani, wana viwango vyao. Sasa rudi kwenye filamu uwatafute. Utamkuta Farah peke yake, amesimama, anasubiri kuitwa.

Ukituuliza kosa kubwa la kihistoria la filamu ile, hatutasema Mmali kumcheza Msomali. Tutasema kumwondoa mtu kwao. Ukimpa mtu kilemba halisi, kanzu halisi, hata lafudhi halisi, lakini ukamnyima mke, jirani, msikiti, deni, hasira na kicheko, umemvalisha vizuri tu. Bado hujamwonyesha.

SIMBA WALIPATA WATETEZI

Mfano wa pili. The Ghost and the Darkness ya 1996, ile ya simba wa Tsavo. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba. Wengi walikuwa Waislamu wa Punjab. Mwaka 1898 simba wawili waliwaua baadhi yao kule Tsavo. Reli hiyo ndiyo iliyoizaa Nairobi mwaka 1899, kama kituo tu cha vifaa na mahema.

Filamu hiyo sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Om Puri, mwigizaji mkubwa wa India, alipewa nafasi ya Abdullah, kiongozi wa wafanyakazi, ambaye kazi yake kubwa kwenye hadithi ni kumletea injinia wa Kizungu matatizo. Na je, watu wanapozungumzia makosa ya kihistoria ya filamu hiyo, wanasema nini kwanza? Manyoya! Kwamba simba wa Tsavo hawakuwa na manyoya ya shingoni, na wale wa kwenye filamu wanayo. Ni kweli. Simba wenyewe wako Field Museum kule Chicago, nenda ukawaangalie, hawana manyoya.

Lakini cheki hali hiyo. Simba wamepata watetezi wa usahihi wa historia. Wale maelfu waliopasua mawe na kulaza reli bado wanasubiri mtetezi mmoja wa kuuliza: Abdullah alitoka kijiji gani? Alikuwa akituma pesa kwa nani?

PANDA MATATU YA 111

Huenda unasema, haya ni mambo ya filamu, kuna shida gani? Kodi imepanda, kazi hakuna, nyinyi mnaleta stori za Redford.

Basi twende pamoja. Anzia Jamia, katikati ya mji. Historia ya msikiti huo inaanzia 1902, na jengo hili tunaloswalia lilijengwa kati ya 1925 na 1933. Jirani yake kabisa ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo kwa miaka mingi ya mwanzo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Karen alipoondoka, Lady McMillan alinunua baadhi ya samani zake, na zikaishia kwenye maktaba hiyo. Unapotoka kwenye swala ya Ijumaa na kuvaa viatu vyako, viti vya Karen Blixen viko ng'ambo ya ukuta.

Shuka mpaka Railways, panda 111 ya kwenda Ngong. Ukifika Adams unaweza kuteremka, ukate Toi, na baada ya dakika chache uko Makina, Kibra. Hapo ndipo wazee wa Kinubi walipo. Babu zao walikuwa wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, na walianza kukaa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Jina lenyewe Kibra ni la Kinubi, maana yake msitu. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Walipokuja kupewa hati ya ardhi ya jamii, mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Kati ya miaka hiyo miwili, wajukuu wa watu hawa walikuwa wakifika kwenye ofisi za kuomba kitambulisho na kuulizwa: nyinyi ni wa wapi? Walipelekwa mbele ya kamati za kuwapiga msasa, waapishe wazee, walete karatasi za babu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Vijana wa Kisomali wanayajua maswali hayo pia. Mpaka Februari 2025 ndipo rais alipotangaza kule Wajir kwamba msasa huo wa ziada umefika mwisho.

Sasa endelea na safari mpaka Karen, uchukue boda mpaka makumbusho. Nyumba hiyo ilifunguliwa kama makumbusho mwaka 1986, baada ya filamu kuwaleta wageni, na ndani yake kuna vitu vilivyotumiwa wakati wa kupiga picha. Yaani filamu iliiga historia, halafu vitu vya filamu vikaingia kwenye nyumba ya historia. Mgeni anatembea katikati yake na si rahisi kwake kutofautisha.

Ndiyo maana tunasema jambo hili si la burudani tu. Hakuna karani aliyeitazama Out of Africa halafu akakunyima kitambulisho, hatusemi hivyo. Tunasema kwamba nchi hujifunza nani ni mwenyeji na nani ni mpita njia kutokana na picha inazoziona tena na tena. Kama katika kila hadithi ya Nairobi ya zamani Mwislamu anaonekana ameshika trei au amesimama mlangoni, bila nyumba, bila kaburi la babu, basi mtu akija kukuuliza wewe ni wa wapi, swali hilo halimshangazi yeyote. Viti vya Karen vinajulikana viliko. Mtumishi aliyemwendeshea shughuli zake zote hana hata chumba kwenye filamu.

NA SISI TUJIANGALIE

Hapa tuwe wakweli, maana Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata kama unatugonga wenyewe.

Tumemsamehe Ertuğrul kila kitu. Yanayojulikana kwa uhakika kumhusu yule Ertuğrul wa kweli ni machache sana. Jina lake limo kwenye sarafu ya mwanawe Osman, na maandishi ya kina kuhusu maisha yake yaliandikwa zaidi ya miaka 100 baada yake. Misimu 5 ya drama imejengwa juu ya msingi huo mdogo. Mkutano wake na Ibn Arabi tunaupenda sana, lakini hauna ushahidi. Je, tulipiga kelele? La. Tulinunua kofia.

Linganisha na Omar ya mwaka 2012. Wengi hawakukubali Masahaba waonyeshwe kabisa, na Al-Azhar ilipinga. Lakini watengenezaji waliweka jopo la wanazuoni wa kupitia maandishi kabla ya kupiga picha. Unaweza kukubali au kukataa walichofanya, ila huwezi kusema hawakuuliza.

Na siku ikitokea drama ya Tippu Tip je? Hamed bin Muhammad el Murjebi alikuwa Mwislamu, Mswahili, mfanyabiashara hodari aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili. Alifanya biashara ya pembe na ya watumwa. Tutataka usahihi siku hiyo, au tutasema wanatuchafulia dini? Drama ya Wanubi wa Kibra nayo haitakuwa nzuri kama itaficha kwamba babu zao walishika bunduki za mkoloni. Mtu mwenye kwao ana fahari na ana aibu. Tukitaka kuonyeshwa kama binadamu, tukubali vyote viwili.

MASWALI MATATU

Kwa hiyo mara nyingine ukitazama drama ya historia, iwe ya Istanbul, ya London au ya Nairobi, usiishie kwenye rangi na pua ya mwigizaji. Uliza:

Moja, nani hayupo ambaye alikuwepo?

Mbili, aliyepo amepewa nini cha kusema wakati hayuko na bosi wake?

Tatu, ana kwao? Jioni anarudi wapi, na nani anamsubiri?

Usipopata jibu la swali la tatu, hata kama mavazi yote ni sahihi hadi kifungo cha mwisho, hiyo bado haijawa historia yetu.

Halafu fanya jambo. Kanuni za vipindi nchini zinataka asilimia 40 ya vipindi vya TV viwe vya hapa nyumbani, kwa hiyo hadithi zinatafutwa. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, kupitia Jiffy Pictures, wameshaonyesha kwa Maria, Zora na Sultana kwamba Wakenya watakaa mbele ya TV jioni kutazama drama ya Kiswahili, Waislamu wakiwemo ndani kama majirani wa kawaida. Hizo ni za leo. Ya jana nani ataandika?

Anza karibu. Kumbukumbu za Taifa ziko Moi Avenue, unazipita ukienda kupanda gari. Pale Makina, Pumwani na Eastleigh kuna wazee wanaojua nani alijenga msikiti gani na nani alizikwa wapi. Washa simu, rekodi, muulize bibi alikuwa anavaa nini sikukuu ya Idi na bei ilikuwa ngapi. Hayo ndiyo mambo mbunifu wa mavazi na mwandishi wa drama watayahitaji miaka 10 ijayo, na bibi hatatusubiri.

Na ukienda Karen, lipa kiingilio, msikilize kiongozi wa wageni kwa adabu mpaka amalize. Kisha muulize kwa upole mbele ya wageni wote: Farah na familia yake walikuwa wanaishi wapi hapa?

Tuletee jibu alilokupa.

Wassalamu alaykum.